Bwawa la Wenye Njala

Hawa aliambiwa kwa maneno ambayo hata mtu mwenye usingizi angeyaelewa: bwawa la kwanza lisha, bwawa la pili usilishe. Siku kumi. Ntumba, msichana wa chuo kikuu aliyekuja na maagizo hayo, alifunga hata kitambaa chekundu kwenye kijiti kando ya bwawa la pili ili kisiwepo kisingizio. Hawa aliitikia kwa kichwa, akamshika mkono, akamwambia aende zake na moyo mweupe. Alasiri ile ile, mvua ikiwa imetuliza vumbi la mgodi wa Kingamyambo, alichota bakuli la pumba, akatazama kulia, akatazama kushoto, akalimwaga lote katika bwawa lenye kitambaa chekundu.

Tusimwonee. Hakuwa mkaidi, wala hakuwa mjinga. Manika nzima, pale Kolwezi, walimjua kwa tilapia wake, aliowauza wakiwa bado wanapiga mikia, na akina mama wa sokoni walijua kwamba mizani yake haidanganyi. Lakini kwa miaka mitatu na nusu kulikuwa na jambo moja lililomshinda: kuona kiumbe kinatoka kwake na tumbo tupu. Mteja wa samaki alipewa kwanza kikombe cha chai. Mtu wa moto, pikipiki ya abiria, aliyekuja kumchukua alisubirishwa mpaka amalize andazi. Fundi mmoja aliyekuja kugonga misumari miwili ya bati aliondoka amekula mara mbili, akarudi kesho yake kuuliza kama hakuna msumari mwingine. Watu walicheka, wakasema huo ndio ukarimu wa watu wa kwao Maniema, na Hawa akawaacha wacheke. Haukuwa ukarimu.

Na samaki wale walikuwa wa safari. Siku ya kumi na moja wangetiwa katika bidoni, dumu la maji, wapakiwe kwenye moto, wapelekwe labo, maabara ya chuo, wasirudi. Uwanyime chakula siku kumi, kisha uwatume safari ya namna hiyo? Alijaribu siku ya kwanza kwa nusu saa nzima. Wakaja juu wote pamoja, vinywa wazi, wakimtazama. Akashindwa.

Ntumba hakujua lolote. Jina lake kamili lilikuwa Jocelyne Ntumba, mjukuu wa mtu aliyeletwa kutoka Kasai zamani kuchimba shaba, na yeye wa kwanza katika ukoo wao kufikia masomo yale. Alikuwa na mikono myembamba na haraka ya mtu anayeogopa kuchelewa. Somo lake lilikuwa ini la samaki. Alikuja kwa Hawa kwa sababu mabwawa yake yalijazwa maji ya chemchemi, si maji ya mto yaliyopita karibu na migodi, na ini la samaki wa mto lina shaba nyingi mno, haliwezi kukueleza jambo lingine.

Siku ya kwanza alimweleza kazi yenyewe, wameketi juu ya ndoo zilizogeuzwa.

"Mama Hawa, mafuta na mayi haisikilizane. Na damu ni mayi. Sasa ile cholestérol itatembea namna gani mu damu? Ini njo inaifungaka mu protéine, muzuri, kama vile unafungaka mihogo mu gunia, kiisha inaituma mu mwili muzima. Ni kama camion ya…"

Akajing'ata ulimi. Hakuna mtu mtaani asiyejua habari ya lori la Asani, mume wa Hawa.

"Maliza tu, mutoto yangu," Hawa alisema. "Ni kama camion."

"Ni kama camion," Ntumba alisema polepole. "Inabeba, inashusha muzigo mu njia, kiisha ile inabakia inarudia ku ini. Ini iko na milango ya kuipokea. Mi natafuta kujua hivi: samaki mwenye njala, ini yake inatuma ngapi? Na inafungula milango ngapi?"

"Na ile yenye hairudie?"

"Kuko ingine hairudie, mama. Inaishia kule kule."

Usiku wa siku ile Hawa aliitandika upya sehemu ya kitanda ambayo hakuna aliyeilalia, akalala upande wake.

Kazi ya Ntumba ilikuwa ya subira. Alimtuliza samaki kwa maji baridi sana, akampasua, utumbo asiufungue, akalisafisha ini kwa maji ya chumvi yaliyopita katika sindano nyembamba mpaka likapoteza wekundu wake. Kisha dawa ya kuzilegeza seli, kisha kuzichuja, kisha kuzitia katika visahani vya plastiki, kila kisahani na jina lake: wenye kula, wenye njala. Bahati yake moja ni kwamba seli za samaki hazidai joto kama za mnyama. Umeme ukikatika, nazo zinavumilia hewa ya Kolwezi kama watu wengine. Baada ya siku moja zilikuwa zimeshika chini ya kisahani na kuanza kazi yao kana kwamba bado ziko ndani ya samaki, zikitoa vile vifurushi vya mafuta na protini. Ntumba alipima zilichotoa. Kisha akazirudishia vifurushi vya namna ile ile alivyovitia rangi nyekundu, akahesabu kwa microscope vingapi vimeingizwa ndani.

Alitarajia wenye kula na wenye njala watofautiane waziwazi. Wakafanana kama mapacha. Akarudia. Wakafanana tena. Mara ya tatu alilala labo kwenye benchi asiwaache hata saa moja, na asubuhi mapacha walikuwa pale pale wakimcheka. Profesa Mukuna, msimamizi wake, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akikasirika, alitazama karatasi zake na kusema huenda swali lenyewe halina jibu, au huenda mkono wa anayeuliza haujaiva. Microscope ilikuwa ya kuazimwa. Mwisho wa mwezi ingerudi Lubumbashi, na bila microscope hakuna mémoire, ile tasnifu ya kumalizia chuo. Angepewa somo lingine, mwaka mwingine, kama mwaka mwingine ungekuwepo.

Ntumba alikuja kwa Hawa bila bidoni. Hawa alijua tangu mlangoni kwamba mambo yameharibika.

"Nakuja kukuaga, mama. Naacha."

"Unaacha nini?"

"Yote. Prof asema mikono yangu haiyaiva. Na mi mwenyewe naona ni kweli. Mara tatu! Mutu anafanya kosa moja mara tatu, ile si kosa tena, ni yeye mwenyewe."

Akaweka uso katika viganja akalia kimyakimya, mabega tu yakimtikisika. Hawa alifanya alichojua kufanya: alileta chai. Akaongeza sukari. Akaleta na maandazi. Akasimama na sinia mkononi, kwa kuwa njia mbili zilikuwa wazi mbele yake na moja ilikuwa rahisi sana. Angenyamaza. Msichana angekunywa chai, angelia, angekwenda zake, na hakuna ambaye angejua kamwe. Samaki hawasemi.

"Si mikono yako," Hawa alisema.

"Ni mikono yangu, mama."

"Balikulaka."

Ntumba aliinua uso. "Nani?"

"Basamaki ya bwawa ya pili. Nilikuwa nabalisha. Kila siku. Na siku ya kutoka nilikuwa nabaongezea."

Ntumba hakupiga kelele. Alimtazama tu, kisha akalitazama bwawa, kisha kitambaa chekundu, kama mtu anayeona kwamba mlango aliokuwa akiusukuma miezi mitatu ulikuwa umefungwa kwa ndani na mtu anayempenda.

"Miezi mitatu, mama. Nilikuwa nalia mu labo miezi mitatu. Juu ya nini?"

Hapo ndipo Hawa alipomwambia neno ambalo hakuwa amemwambia hata dada yake, wala imamu aliyemzika Asani.

Asani alikuwa dereva wa lori. Alikuwa ametoka safari jana yake, hajapumzika hata siku mbili, akakubali kushika zamu ya mwenzake. Hawa alikasirika. Waligombana mpaka taa ikazimwa, na alfajiri, wakati ambao miaka kumi na tisa alikuwa akiamka kabla ya mumewe ili amtengenezee chai, aliendelea kulala ameelekea ukutani, macho wazi. Alimsikia akiwasha jiko la makaa, likamshinda. Alimsikia akifunua kopo la mkate, akalifunika. Asani alikuwa mtu wa chai; alipenda kusema kwamba bila chai yeye ni nusu mtu. Mlangoni alisema, "Hawa, mi naenda." Naye hakujibu. Saa moja na nusu asubuhi lori lilipinduka kabla ya kufika Fungurume, kwenye barabara aliyoijua kama kiganja chake.

"Nilituma nusu mutu akashike volant ya camion," Hawa alisema. "Alikufa na njala yangu. Tangu pale siwezi. Hata kuku, siwezi. Batu, basamaki, siwezi."

Ntumba aliinuka. Alikuwa na huruma, lakini alikuwa na hasira pia, na hasira ilikuwa karibu zaidi na mlango. Aliondoka bila kuaga, na chai yake ikabaki pale imejaa. Hawa aliitazama mpaka ikapoa.

Asubuhi alivaa kitenge chake cha heshima, akapanda moto, akaenda chuo kikuu. Hakuwahi kukanyaga pale. Aliuliza njia mara nne, akafika kwa Profesa Mukuna, akakataa kiti.

"Tata professeur, mi njo mwenye samaki. Mutoto hana kosa. Mi njo niliharibisha."

Akaeleza, safari hii kwa maneno machache, na bila Asani ndani yake. Profesa alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa. Ntumba alikuwa kwenye kona ya chumba, akijifanya anapanga visahani.

"Microscope inaenda kiisha siku kumi na ine," profesa alisema. "Kumi za kufunga, mbili za seli, moja ya kuhesabu. Inabaki moja ya kulala. Kama munaanza leo, inawezekana." Kisha akamgeukia Ntumba. "Ni wewe utasema."

Bwawa la chuo lilikuwa na ufa tangu mwaka uliopita, na Ntumba hakuwa na mahali pengine pa kuwaweka samaki. Akaviacha visahani, akamgeukia Hawa.

"Nitakuamini namna gani, mama?"

"Ukuje kila siku uangalie."

"Nikikuja kila siku, labo nitaitayarisha saa ngapi?"

"Basi usikuje," Hawa alisema. "Uniamini tu."

Rahisi kusema. Siku mbili za kwanza zilipita kwa sababu samaki wenyewe walikuwa bado na akiba. Siku ya tatu walianza kumfuata. Akipita upande huu, kundi zima linageuka upande huu. Akipita kule, linageuka kule. Alijaribu kupitia nyuma ya nyumba, lakini nyuma ya nyumba hakuna njia, kwa hiyo akawa anapita mbio kama mtu anayekwepa mvua, ameshika kitenge kwa mkono mmoja. Jirani mmoja alimwuliza kama ana nyoka bwawani.

Siku ya tano alihamisha ndoo ya pumba ikae nyumbani kwa jirani huyo. Siku ya sita alikwenda kuichukua kwa ajili ya bwawa la kwanza, wale wa kula, na akiwamwagia wao aliwasikia wenzao upande wa pili wakiruka majini. Mkono uliosalia na pumba ulikuwa tayari umenyooka kuelekea kwao. Ilimbidi aushike kwa mkono wa pili, aurudishe, aunawe.

Na katika siku zile Asani alimjia kuliko kawaida. Hakuwa ndoto wala mzimu, msimfikirie vibaya. Alikuwa ni kukosekana tu, na kulikuwa kila mahali. Mabwawa yale alikuwa ameyachimba yeye, kwa koleo lake, kila alipokuwa hana safari. Vifaranga vya kwanza vya samaki alivileta kutoka ziwa la Nzilo, amevipakata mapajani kwenye basi dogo kama mtoto mchanga, akiwakemea abiria wasimwage maji. Hawa aliitamani sauti yake ya kukemea. Alitamani harufu ya mazutu, dizeli ya lori, kwenye shati lake, ambayo enzi zile alikuwa akiilalamikia. Alitamani kulalamika. Lakini kila alipomwita Asani moyoni aje amtazame, aliyekuja ni yule wa alfajiri, anayefunua kopo la mkate gizani na kulifunika. Hakuwa na Asani mwingine. Yule mmoja alikuwa amewala wote, miaka yote kumi na tisa.

Siku ya tisa hakuweza kumeza chakula chake mwenyewe. Aliisogeza sahani, akaenda kukaa kando ya bwawa la pili, akawaambia samaki waziwazi: "Munisamehe. Kesho kutwa tu." Walikuwa wamekonda, hilo aliliona, lakini walikuwa hai na wakali, wakimkodolea macho yao ya mviringo. Jambo hilo lilimshangaza kidogo. Alikuwa amedhani kufikia siku ya tisa angekuwa akiokota maiti.

Siku ya kumi na moja Ntumba alikuja na bidoni. Hakuuliza neno. Alimshika samaki mmoja wa bwawa la pili, akapitisha kidole gumba tumboni mwake, akamtazama Hawa usoni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya chai akatabasamu.

"Kweli haukubapatia kitu."

"Hata kitu," Hawa alisema, akamshikia bidoni.

Alipoitwa labo siku tatu baadaye, alikwenda akiwa amejiandaa kwa mabaya, kwa sababu mazuri humkuta mtu bila kujiandaa na hakuna hasara. Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyofikiri, meza mbili na frigo inayonguruma. Ntumba hakuwa amelala. Macho yalikuwa mekundu na nywele zimesimama upande mmoja. Alimketisha kwenye stuli, akamwonyesha pa kuweka jicho.

Mwanzoni Hawa aliona kope zake mwenyewe. Kisha giza, na katika giza nukta nyekundu, chache, zimetawanyika.

"Bale ni benye kula," Ntumba alisema, akabadilisha kisahani. "Sasa angalia bengine."

Nukta zilikuwa nyingi. Zilijaa ndani ya kila seli, zimesongamana. Hawa alisema "Subhanallah" kabla hajajua anasema.

"Milango, mama! Balifungula milango. Prof aliangalia mara mbili, akaenda kuita mwenzake naye akaangalia. Lakini si ile tu." Akachukua karatasi, na ingawa Hawa hakuweza kusoma tarakimu zile, alisoma furaha iliyozishika. "Hii njo sikuingojea. Nilifikiri benye njala bataacha kutuma. Mutu hana kitu, atatuma nini? Lakini angalia. Siku kumi bila kula, na ini ingali inatuma. Kidogo, ndiyo. Lakini haikuacha. Ile balikula mbele ya kufunga, ini iliichunga, inaifunga kidogo kidogo, inatuma mu mwili."

Hawa hakuondoa jicho kwenye kioo.

"Na mutu?"

"Mutu pia. Ini ya mutu ni vile vile."

"Na asubui moja? Mutu mwenye anatoka asubui moja, hakunywe chai?"

Ntumba aliweka karatasi mezani. Sasa alielewa anaulizwa nini. Angeweza kutoa faraja ya haraka haraka, ile inayogawiwa msibani na kusahaulika kabla viti havijarudishwa. Lakini msichana yule hakuwa na tabia ya kusema asilolijua.

"Mi sijue nini ilipindula camion ya tata Asani," alisema. "Hata microscope haiwezi kuonyesha ile. Sitakudanganya. Lakini njala ya asubui moja, ile mi naijua, juu njo kazi yangu. Mama, alikula nini mangaribi?"

Hawa alifungua kinywa kusema hakumbuki. Kwa miaka mitatu na nusu usiku ule ulikuwa ukianzia kwenye ugomvi. Nyuma ya ugomvi hakuwahi kurudi, kana kwamba hapakuwa na kitu. Akarudi. Na pale, kabla ya neno la kwanza la hasira, kulikuwa na mkeka, na taa, na sahani ya ugali.

"Bukari," alisema. "Bukari na samaki. Na mboga ya lengalenga." Akaona zaidi. "Samaki mbili. Alikula ya kwanza, akaomba ya pili. Kichwa alikinyonya mpaka mifupa ikakuwa myeupe. Ini nilimuwekea pembeni, juu kwetu ini ya samaki ni ya bwana. Akaikata. Akanipatia nusu. Nikasema hapana, ni yako. Akasema, Hawa, kula, tuko babili tu hapa, nani anatuona?"

Alikuwa akicheka, na machozi yakimwingia kinywani.

"Akapangusa sahani na kidole. Kiisha kupangusa, njo akaniambia habari ya safari. Mwoga ule! Alijua nitakasirika. Alingojea ashibe kwanza."

"Ilikuwa saa ngapi?" Ntumba aliuliza.

"Saa mbili ya usiku."

"Na camion?"

"Saa moja na nusu ya asubui."

Ntumba alihesabu kwa vidole, kama alivyohesabu kila kitu. "Masaa kumi na moja na nusu," alisema. "Basi ingali inagawa, mama. Ile bukari yako, ile samaki yako, ini yake ilikuwa inaifunga na kuituma, usiku muzima na mu njia yote. Ilikuwa mu damu yake. Ilikuwa mu ile mikono ku volant. Hakuenda na tumbo ya bule."

"Alikuwa angali anakula."

"Alikuwa angali anakula."

"Chakula yangu."

"Ya kwako, mama. Hakukuwa ingine."

Hawa akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi kwa sababu siku ile alijiona hana haki. Profesa Mukuna alifungua mlango, akaona, akaufunga taratibu. Ntumba aliacha karatasi zake, akasimama nyuma ya stuli, akamshika mabega kwa ile mikono myembamba.

Haukuwa uponyaji, tusidanganyane. Asani hakurudi, na neno lile lisilojibiwa mlangoni lilibaki halijajibiwa. Hata uchungu haukupungua. Hawa alimtaka mumewe siku ile kuliko siku zote za ujane wake, kwa sababu leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa amemwona: ameketi mkekani, midomo inang'aa mafuta, anamsogezea nusu ya ini na kumwambia ale.